Shakespeare kati ya malkia na mfalme

Safari hii sitaandika juu ya bei ya dhahabu wala juu ya mashimo. Nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa miaka zaidi ya 400 iliyopita, Mwingereza William Shakespeare. Mtauliza: mtu wa sendika ya wachimbaji wa Fizi anatafuta nini kwa Mwingereza wa teatri? Mnivumilie kidogo. Tukifika mwisho mtaona kama aliyoyapitia yako mbali na yetu.

Jina lake nililikuta kwanza mu kitabu cha Kiswahili. Watu wetu waliporudi kutoka kambi za Kigoma, walivuka ziwa na masufuria, na mabati, na wengine na vitabu vya masomo vya Tanzania. Kimoja kilinifikia hapa Lweba bila jalada. Kilikuwa Mabepari wa Venisi, kilichotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere wakati yeye mwenyewe ni rais wa nchi, kikatoka mwaka 1969. Mbele yake, mwaka 1963, Mwalimu alikuwa amekwisha kutoa Juliasi Kaizari, na mu 1969 akakitoa tena baada ya kukisahihisha. Mtanzania mwingine, S. S. Mushi, alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969.

Baadaye nilijifunza tarehe za michezo hiyo minne, nikaona jambo. Miwili ya Mwalimu iliandikwa wakati wa Malkia Elizabeth. Miwili ya Mushi iliandikwa wakati wa Mfalme James. Mwandishi ni yule yule, mji ni ule ule wa London, lakini nyakati ni mbili na teatri ni mbili. Njo hapo nataka tulinganishe.

Mtoto wa fundi ngozi

Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 mu mji mdogo wa Stratford-upon-Avon. Baba yake, John, alikuwa fundi wa glavu za ngozi. Alipanda mpaka akawa mkubwa wa mji mwaka 1568, kisha mambo yakamharibikia, madeni yakamfuata. Kijana hakufika chuo kikuu. Kwa miaka 18 alioa Anne Hathaway, ambaye alikuwa na miaka 26 na tayari alikuwa na mimba. Mwaka 1583 akazaliwa Susanna, na mwaka 1585 mapacha, Hamnet na Judith. Kwa hiyo hakuwa bado na miaka 21, na tayari alikuwa na bibi na watoto watatu wa kulisha. Vijana wangapi wa kwetu wameingia mu machimbo kwa sababu hiyo hiyo!

Alikwenda London. Mwaka 1592 jina lake lilikuwa limeanza kusikika pale, maana kijitabu kimoja kilichotoka kwa jina la Robert Greene, mwandishi aliyesoma chuo kikuu, kilimdharau kama mchezaji tu anayejiona anaweza kuandika kuliko wasomi. Mwaka huo huo tauni ilishika mji na nyumba za teatri zikafungwa karibu miaka miwili. Christopher Marlowe, mwandishi mkubwa wa wakati ule, aliuawa kwa kisu mwaka 1593 akiwa na miaka 29. Shakespeare alibaki, akaandika mashairi marefu mawili akayapeleka kwa bwana mmoja wa ukoo mkubwa, akangoja milango ifunguliwe.

Wakati wa malkia: peni moja ya kusimama

Wakati wa Elizabeth mchezaji wa teatri hakuwa mtu wa heshima. Sheria ya mwaka 1572 ilisema wachezaji wasiokuwa na mkubwa wa kuwasimamia wahesabiwe kama wazururaji. Adhabu yake ilikuwa fimbo na kuchomwa sikio kwa chuma cha moto. Ndiyo maana kila kikundi kilitafuta jina la mkubwa. Mwaka 1594 Shakespeare aliingia mu kikundi kilichobeba jina la Lord Chamberlain, mkuu wa nyumba ya malkia. Lakini yule bwana alitoa paka jina na kivuli. Mshahara hakutoa. Feza ilitoka kwa watu.

Na watu walikuwa wengi. Jumba lao lilikuwa la mbao, wazi juu, mchezo unafanyika mchana. Ulitoa peni moja, ukasimama uwanjani mbele ya jukwaa, jua likupige au mvua ikunyeshee. Ukiongeza peni unapanda kwenye benchi chini ya paa. Fundi, mwanafunzi, mama wa soko, mwizi wa mifuko, bwana mwenye upanga, wote walikuwa mu jumba moja wakisikia maneno yale yale. Hakukuwa na taa wala picha nyuma ya jukwaa. Kama ni usiku, mchezaji anausema usiku kwa mdomo, na wewe unauona. Wanawake walichezwa na watoto wanaume, na hiyo haikubadilika mpaka baada ya mwaka 1660.

Michezo ya wakati ule ilikuwa na sauti kubwa. Uingereza ilikuwa imewashinda Wahispania baharini mwaka 1588, na watu walitaka kuona wafalme wa zamani, vita, mapenzi, na vichekesho. Shakespeare aliwapa. Lakini alitia na kitu kingine ndani yake. Mu Mabepari wa Venisi, mtu anakopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na kontra inasema akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Watazamaji wa London walikuja kumcheka Myahudi mkopeshaji, maana chuki ile ilikuwa kubwa Ulaya yote. Mwandishi akampa yule mkopeshaji nafasi ya kusema naye ni mtu, anaumia kama wengine. Na Mwalimu alipotafsiri, jina la kitabu halikubaki la mfanyabiashara mmoja, likawa la mabepari, wote kwa wingi. Mchimbaji aliyechukua unga, betri na dawa kwa deni, na kulipa ni mpaka dhahabu itoke, hahitaji kufasiriwa ile kontra.

Mbao zetu, udongo wa mwingine

Sasa sikieni jambo lililonifanya nimpende mtu huyu.

Jumba lao la kwanza, lililojengwa mwaka 1576, lilisimama juu ya udongo wa mtu anayeitwa Giles Allen. Kontra ya udongo ilikuwa ya miaka 21, ikaisha mwaka 1597. Allen alianza kuleta masharti mapya, na mazungumzo hayakufika popote. Udongo ulikuwa wake, lakini mbao zilikuwa za familia ya Burbage waliojenga. Mwisho wa mwezi wa Desemba 1598, mu baridi kali, Burbage na wenzake walikwenda na fundi seremala, Peter Street, wakalibomoa jumba lote. Mbao zilivushwa ng'ambo ya mto Thames, na mwaka 1599 zikawa jumba jipya, Globe. Allen alikwenda mahakamani mara kadhaa. Hakuzipata tena zile mbao.

Feza ya kujenga ilikuwa imewaishia. Kwa hiyo ndugu wawili wa Burbage walishika nusu ya jumba, na nusu ingine wakawagawia wachezaji watano, kila mtu sehemu moja ya kumi. Shakespeare alikuwa mmoja wao. Tangu siku ile hakuwa tena kibarua wa kuuza karatasi zake kwa mwenye jumba. Alikuwa na aksio mu kikundi, na aksio mu kuta zenyewe. Waandishi wengine wa London waliuza mchezo, wakalipwa mara moja, wakabaki na madeni. Yeye alikula kila siku jumba lilipojaa.

Lakini tuseme yote. Mu Globe hiyo hiyo kulikuwa wachezaji wa kulipwa kwa juma bila aksio, na watoto wanaojifunza kazi chini ya wakubwa wao. Hao hawakuwa na kiti kwenye meza ya kugawa. Kwetu pia sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative. Ni vizuri. Lakini ukiuliza nani yuko kwenye orodha ya wanachama na nani anabeba tu mfuko, utakuta mara nyingi wabebaji ni wengi kuliko wanachama.

Mu Globe mpya, mwaka 1599, walicheza Juliasi Kaizari. Wote tunajua ile habari: Bruto anawaeleza watu kwa nini wamemuua Kaizari, watu wanashangilia. Kisha Antoni anaingia na maiti, anasema kwa upole, na watu wale wale wanageuka na kuchoma mji. Wanakutana njiani na mtu anayeitwa Sina, mshairi. Jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anawaeleza kwamba yeye siye, lakini wanamuua kwa ajili ya jina. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Sisi wa Fizi tunajua mtu kuuawa kwa ajili ya jina.

Wakati wa mfalme: nguo nyekundu na mishumaa

Malkia Elizabeth alikufa tarehe 24 Machi 1603. Hakuwa na mtoto. Kiti kilikwenda kwa James, mfalme wa Uskoti. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, mfalme mpya alitoa barua: kikundi cha Shakespeare sasa kitaitwa Watu wa Mfalme. Mwaka 1604 kila mmoja wao alipewa yadi nne na nusu za kitambaa chekundu kwa maandamano ya kumkaribisha mfalme mu mji. Watu ambao sheria iliwahesabu kama wazururaji sasa wanavaa rangi ya jumba la kifalme!

Heshima ilipanda, na feza pia. Zamani waliitwa kucheza mbele ya malkia mara chache kwa mwaka. Kwa James ilikuwa zaidi ya mara kumi kwa mwaka. Lakini ukila mezani kwa mkubwa, unachunga mdomo. Sheria ya mwaka 1606 iliweka faini ya pauni 10 kwa kutaja jina la Mungu ovyo jukwaani. Na michezo yenyewe ikabadilika rangi. Novemba 1605 watu walikuwa wamekamatwa na baruti chini ya bunge, wakitaka kumlipua mfalme pamoja na wakubwa wote. Hofu ilijaa mji. Karibu mwaka 1606 Shakespeare aliandika Makbeth. Ni mchezo wa Uskoti, kwa sababu mfalme ni wa Uskoti. Kuna wachawi, kwa sababu mfalme mwenyewe alikuwa ameandika kitabu juu ya wachawi. Tena yule Banko ndani ya mchezo alihesabiwa kuwa babu wa ukoo wa James. Hapo unaona kazi ya mtu anayemjua patron wake. Na bado alimwonyesha patron huyo kwamba mtu akiua kwa ajili ya kiti, hawezi tena kulala.

Wakati wa malkia, teatri ilipenda vita vya wafalme na harusi za mwisho. Wakati wa mfalme ilipenda sumu, usaliti, wakubwa waliooza ndani. John Webster na Thomas Middleton waliandika hivyo, na watazamaji walitaka hivyo. Mu nyumba ya mfalme, Ben Jonson, aliyelelewa na fundi wa kujenga matofali, aliandika michezo ya nyimbo na ngoma ambamo mavazi na mashine za jukwaa zilikula feza nyingi kuliko maneno.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1608. Watu wa Mfalme walichukua jumba la Blackfriars, ambalo familia ya Burbage ilikuwa imelinunua tangu 1596, lakini matajiri wa mtaa ule walikataa lisichezewe na kikundi chao. Sasa, chini ya jina la mfalme, mlango ulifunguka. Blackfriars ilikuwa ndani ya nyumba, na paa, na benchi kwa wote, na mishumaa. Mchezo uligawanywa vipande, muziki unapigwa katikati, mishumaa inatengenezwa. Watu walikuwa mia kadhaa tu, siyo maelfu. Bei ya chini ilikuwa peni sita, mahali ambapo Globe ilikuwa peni moja. Peni sita zilikuwa sehemu kubwa ya mshahara wa siku wa kibarua. Mtu wa kusimama uwanjani hakuwa na nafasi pale.

Tufani ilitokea mu wakati huo. Ilichezwa mbele ya mfalme tarehe 1 Novemba 1611. Ina muziki wa majini na pepo wanaoruka, ni mchezo unaofaa mishumaa. Lakini ndani yake kuna Kalibani. Kisiwa kilikuwa chake kwa upande wa mama yake. Mgeni alikuja na vitabu, kwanza wakapendana, kisha mgeni akawa mwenye kisiwa na mwenyeji akawa mbeba kuni. Wazee wetu walioona sosiete inafika na karatasi yenye mihuri, na wao wenyewe wanageuka kuwa watu wa kufukuzwa juu ya kilima chao, wangemwelewa Kalibani bila mwalimu.

Nilinganishe na jambo moja tena. Mu Juliasi Kaizari, wakati wa malkia, watu wa mji ni kama upepo, anayesema vizuri anawapeleka. Mwaka 1607 wanakijiji wa sehemu za kati za Uingereza, pamoja na jimbo la Shakespeare mwenyewe, waliamka kupinga matajiri waliozungushia uzio mashamba ya wote. Wengine waliuawa. Karibu mwaka 1608 akaandika Koriolano, na mchezo unafunguliwa na watu wenye njaa wanaodai nafaka. Safari hii wana sababu na wanaieleza. Wana na wadelege wao waliochaguliwa. Siyo kwamba mwandishi aliwapamba. Wale wadelege ni wajanja, nasi wa sendika tunaweza kujitazama mle kama mu kioo. Lakini kundi la watu halikuwa tena upepo.

Mfanyakazi aliyekuwa mwenye mali

Sitaki kuwadanganya kwamba alikuwa mtakatifu wa wafanyakazi. Mwaka 1596 alifiwa na mtoto wake wa kiume, Hamnet, akiwa na miaka 11. Mwaka uliofuata alinunua New Place, moja ya nyumba kubwa za Stratford. Mwaka 1598, wakati watu walikuwa wanaumia na bei ya nafaka baada ya mavuno mabaya, serikali ilipoandika majina ya waliokuwa na akiba, yake ilikuwamo. Alinunua mashamba, akanunua haki ya kupokea zaka za mashamba mengine. Alimpeleka mtu mahakamani kwa deni dogo la kimea. Yeye aliyeandika juu ya ratili ya nyama!

Na mwaka 1614 matajiri wa Stratford walitaka kuzungushia uzio mashamba ya Welcombe. Mji ulikataa. Shakespeare alikuwa na mali pale. Hakusimama na watu, wala hakupigana nao. Aliandikiana na matajiri karatasi ya kwamba yeye hatapata hasara. Mwanzoni mwa 1615 wanawake na watoto walitoka kwenda kufukia mitaro ya uzio kwa mikono yao. Nimeona hii mu machimbo pia. Mwenzetu wa jana, tuliyekula naye ndagala sahani moja, leo ni PDG wa shimo, na karatasi yake imeandikwa vizuri, na yeye ananyamaza.

Globe iliungua tarehe 29 Juni 1613. Mzinga wa mchezo ulirusha moto kwenye paa la nyasi. Hakuna aliyekufa. Wenye aksio walichanga feza, na mwaka uliofuata jumba likasimama tena na paa la vigae. Walikuwa tayari na Blackfriars ya matajiri, hawakulazimika kurudilia uwanja wa peni moja. Waliurudilia. Waliendelea kucheza pande zote mbili, baridi ndani kwa mishumaa, joto nje kwa jua.

Shakespeare alikufa Stratford tarehe 23 Aprili 1616. Mu wasia wake aliwakumbuka wenzake watatu wa kazi, Richard Burbage, John Heminges na Henry Condell, akawaachia feza ya kununua pete. Burbage alikufa 1619. Wale wawili wengine walikusanya michezo yake 36 na kuitoa mu kitabu kimoja mwaka 1623. Nusu yake ilikuwa haijachapwa kamwe. Juliasi Kaizari, Makbeth, Tufani, Koriolano, yote yalikuwa mu hiyo nusu. Bila wale wawili, Mwalimu asingekuwa na Kaizari wa kutafsiri, na Mushi asingekuwa na kitu. Mkubwa aliyewapa jina hakufanya kazi hiyo, wala mfalme aliyewapa nguo nyekundu. Waliifanya wafanyakazi wenzake.

Ukiniuliza wakati gani ulikuwa mzuri, wa malkia au wa mfalme, nitajibu hivi. Wakati wa malkia walikuwa maskini zaidi, na watu wote waliingia. Wakati wa mfalme walikula vizuri, na mlango ukawa mwembamba. Kilichowavusha kutoka wakati mmoja mpaka mwingine ni kwamba mbao zilikuwa zao. Wenzangu wa machimbo, mkubwa mpya akija na kitambaa chekundu, kipokeeni kama mnataka, lakini kwanza angalieni mbao ziko kwa jina la nani, na nani amebaki amesimama nje.